Maganda elfu, mtu mmoja: Freddy Tsimba na chuma cha vita vya Kongo

Tarehe 10 Desemba 1948, katika jumba la Palais de Chaillot jijini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Miaka 70 baadaye, mwaka 2018, katika jumba hilo hilo alisimamishwa mwanamke mjamzito mwenye mwili wa maganda ya risasi. Kwa Kifaransa anaitwa Porteuse de vies, yaani mbeba uhai. Aliyemuunda ni Freddy Tsimba, Mkongo aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1967. Karakana yake iko Matonge, mtaa wa jiji hilo unaojulikana zaidi kwa muziki na baa kuliko kwa sanamu.

Mgeni wa Paris anayemwona mwanamke huyo hulazimika kusogea karibu ndipo atambue ameumbwa kwa nini. Mtu wa Kisangani angetambua akiwa bado mlangoni. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo yakiwa washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji huo wa watu wasiokuwa wao. Kanisa kuu la Notre-Dame, lililo kando ya mto, lilipigwa. Shule zilipigwa, hospitali zikapigwa. Wenyeji wanaiita vita ya siku sita, na watoto waliozaliwa baadaye walikua wakiyajua maganda ya risasi kabla ya kuijua historia yake.

Tsimba si mwana wa Kisangani. Hata hivyo, kazi yake inaeleweka vizuri zaidi mtu akiitazama kutoka mji huu wa Mkoa wa Tshopo kuliko akiitazama kutoka Paris au Brussels. Hapa ndipo penye vyuma vyote viwili inavyovizungumzia: chuma cha vita, na chuma cha zamani zaidi, ambacho wahunzi wa mto Kongo walikifua ili watu waoane.

Shule mbili za fundi mmoja

Kinshasa ina chuo cha sanaa chenye historia ndefu. Kilianzishwa mwaka 1943 huko Gombe-Matadi na mtawa Mbelgiji, Marc Wallenda, kwa jina la Shule ya Mtakatifu Luka. Mwaka 1949 kilihamishiwa mjini, na baadaye kikawa Académie des Beaux-Arts. Wachongaji na wasubu wakubwa wa nchi wamepitia humo, akiwemo Alfred Liyolo, aliyefariki mwaka 2019 na ambaye kazi zake za shaba nyeusi zilipamba majumba ya wakubwa tangu enzi za Mobutu. Tsimba alihitimu hapo mwaka 1989 katika uchongaji wa sanamu kubwa za hadharani.

Kwa vijana wengi cheti hicho kingetosha. Yeye alikwenda kuanza upya kwa mafundi wa mtaani, wale wanaofua na kusubu vyuma, wasio na diploma ukutani. Huko alikaa miaka kadhaa akijifunza moto. Chuoni alifundishwa umbo la mwili: uzito wa nyonga, mshipa wa shingo, namna bega linavyoshuka mtu anapochoka. Kwa wahunzi alifundishwa tabia ya metali: rangi inayopata kabla ya kulainika, muda inaokubali kukunjwa, na mlio inaoutoa inapokaribia kupasuka. Atazamaye sanamu zake anaziona shule zote mbili. Mwili umekaa sawasawa kama wa mwanafunzi aliyechora mifupa kwa miaka, lakini ngozi yake haijalainishwa. Viungo vimeachwa wazi, na kila ganda linaonekana lilipoanza na lilipoishia.

Miaka aliyoanza kazi ilikuwa miaka ya nchi kuvunjika. Mobutu aliangushwa Mei 1997. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, vikavuta majeshi ya nchi jirani kutoka pande zote. Shaba nyeusi ya kununua, ambayo ndiyo metali ya heshima kwa mchongaji aliyesomea sanamu za hadharani, ilikuwa ghali na ya wenye nafasi. Maganda ya risasi yalikuwa bure na yalikuwa mengi. Tsimba aliyaokota katika maeneo yaliyopitiwa na mapigano, akayabeba hadi karakana, akaanza kuyaunganisha.

Kwa hiyo umaskini wa vifaa ulichangia. Lakini usingeeleza kwa nini aliendelea nayo hata baada ya kujulikana, alipokuwa na uwezo wa kuagiza metali aitakayo. Baadaye aliongeza mapanga, vijiko, funguo, minyororo na mitego ya panya. Kila kimoja ni kitu kilichokwisha kushikwa na mkono wa mtu, kikafanya kazi, kikatupwa. Hatumii chuma kipya.

Kinachotokea mezani

Ganda la risasi ni mkebe mdogo unaobaki baada ya baruti kuwaka na kichwa cha risasi kuondoka. Mengi huundwa kwa shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu kama asilimia 70 na zinki kama asilimia 30. Mengine, hasa ya bunduki zilizoenea katika vita vya Kongo, ni ya chuma kilichopakwa shaba au rangi ili kisishike kutu. Kwa macho yanafanana. Sumaku ndiyo inayoyatenganisha: ya chuma hung'ang'ania, ya shaba hubaki mezani.

Utengano huo una maana kubwa kwa anayelehemu, kwa sababu metali hizo mbili hazitaki moto mmoja. Shaba ya manjano huyeyuka katika nyuzi 900 na ushee. Zinki iliyomo ndani yake huchemka katika nyuzi 907, kabla kiungo hakijakaa vizuri. Inapochemka hutoka kama moshi mweupe, na fundi anayeuvuta moshi huo mchana hutetemeka kwa homa usiku. Mafundi wa kulehemu wa Kisangani wanaotengeneza mageti, vitanda vya chuma na viti vya nyuma vya baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria kutwa nzima, wanaifahamu homa hiyo bila kusoma kitabu cha kemia. Ndiyo sababu wengi wao hufanyia kazi nje, chini ya mwembe au ukingoni mwa barabara, upepo uchukue moshi.

Sanamu ya ukubwa wa mtu hula maganda kwa mamia au maelfu. Hayamiminwi katika kalibu yakapotea humo. Yanashikanishwa moja kwa moja, mengine yakilala, mengine yakisimama, mpaka paja liwe paja na tumbo liwe tumbo. Ni kazi ya siku nyingi yenye kelele na cheche, na fundi hawezi kuifanya bila kulishika kila ganda mkononi. Ganda lenyewe lilitoka kiwandani likiwa sawa na ndugu zake milioni, lisilo na alama ya kuitambua nafsi yake isipokuwa namba iliyogongwa kitakoni. Mkononi mwa Tsimba ndipo linapopewa mahali pake pekee: hili la kifundo cha mguu, hili la chini ya titi.

Asilimia 70 ya shaba nyekundu ni jambo la kufikiri kwa Mkongo. Nchi yake ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa shaba duniani, na shaba ya Katanga imekuwa ikiuzwa nje kwa zaidi ya karne moja. Hakuna awezaye kusema shaba ya ganda fulani ilichimbwa wapi. Lakini mzunguko wenyewe unajulikana: madini huondoka yakiwa mawe ya bei ndogo, hurudi yakiwa bidhaa ya bei kubwa, na kwa nchi hii bidhaa hiyo mara nyingi imekuwa silaha.

Elfu kutoka mmoja, mmoja kutoka elfu

Sanaa ya chuma ina njia nyingine, iliyo kinyume kabisa na ya Tsimba, na watu wa Afrika Mashariki wamekaa nayo nyumbani bila kuiita sanaa. Ni chuma cha kusubu, kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.

Chuma safi hakiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,538. Kikichanganywa na kaboni ya asilimia tatu au nne hivi, huyeyuka karibu na nyuzi 1,150 hadi 1,200, kikatiririka na kujaza kila ukingo wa kalibu, hata ua dogo au jani lenye mishipa. Upungufu wake ni kwamba hakivumilii nyundo: ukikigonga kwa nguvu hupasuka. Kwa hiyo mchongaji hakifui. Yeye hutengeneza kielelezo kwa udongo au mbao, kiwanda kikachukua kalibu, na kutoka kalibu hiyo zikatoka nakala nyingi kadiri soko lilivyotaka.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya chuma hicho. Mwaka 1872 mchongaji Charles-Auguste Lebourg, mzaliwa wa Nantes, aliunda chemchemi za maji ya kunywa zilizolipiwa na tajiri Mwingereza Richard Wallace kwa ajili ya wakazi wa Paris waliotoka katika vita na njaa. Wanawake wanne wa chuma wamebeba kuba kwa vichwa vyao. Zilisubiwa katika kiwanda cha Val d'Osne, na mpaka leo nakala zake zinasimama katika miji ya mabara kadhaa. Watu wengi wamekunywa maji yake, ni wachache wanaolijua jina la Lebourg. Hivyo ndivyo yalivyokuwa maisha ya wachongaji wengi wa chuma cha kusubu: kazi ilienea, jina likabaki katika orodha ya bei ya kiwanda.

Pwani yetu ilipokea sehemu yake. Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultani Barghash, ilizungukwa na varanda zilizobebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Ilistahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896, ikaja kuporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Na katika nyumba za kawaida, kuanzia Kariakoo hadi soko la Kisangani, mapambo ya chuma yaliyowafikia watu wengi zaidi ni miguu ya cherehani: fremu nyeusi yenye mizunguko na maua, ambayo fundi wa nguo hukanyaga pedali yake tangu asubuhi. Aliyechora maua yale alikuwa mchongaji. Hakuna anayemkumbuka.

Katika njia hiyo, sanamu moja huzaa elfu zinazofanana. Tsimba huanza na vitu elfu vinavyofanana, vilivyotengenezwa kwa mashine ili vifanane, akamaliza na mtu mmoja asiye na nakala. Tofauti hii ndiyo kiini cha kazi yake. Risasi ni bidhaa ya jumla. Huhesabiwa kwa sanduku, na wanaouawa nayo huishia kuhesabiwa vivyo hivyo. Anachofanya fundi huyu ni kuirudisha hesabu nyuma mpaka ifike kwa mtu.

Chuma kilichooa

Wazo kwamba chuma kinaweza kusimama mahali pa mtu si jipya pembezoni mwa Kisangani. Kabla ya faranga ya Kibelgiji, jamii za Waturumbu, Walokele na Watopoke, wanaoishi kandokando ya mto upande wa chini wa mji, walikuwa na bamba kubwa la chuma lenye umbo la kichwa cha mkuki, linalojulikana kwa jina la liganda. Mengine yana urefu wa mita moja na nusu na zaidi. Hakuna mwindaji aliyeweza kulirusha wala mkulima aliyeweza kulilimia. Lilifuliwa liwe mali, na kazi yake kubwa ilikuwa mahari. Walokele, ambao ni wafanyabiashara wa mto tangu zamani, walilisafirisha kwa mitumbwi pamoja na samaki na vyungu.

Kulitengeneza kulihitaji ustadi ambao kiwanda cha Val d'Osne kisingeuweza. Tanuri la udongo la mhunzi wa Kiafrika halikuyeyusha chuma kikatiririka. Makaa na mvukuto vililitenganisha jiwe na takataka zake, likabaki bonge la chuma lenye matundu kama sifongo, ambalo lilipaswa kupigwa nyundo likiwa jekundu, kurudishwa motoni na kupigwa tena, mpaka liwe moja. Kisha ndipo likavutwa na kupanuliwa. Kulifikisha urefu wa mtu bila kulipasua, huku likibaki jembamba kama jani, ni jambo ambalo wahunzi wa leo wenye mashine wanaliheshimu. Mwaka 2018 makumbusho ya Fowler huko Los Angeles yalifungua maonyesho makubwa ya sanaa ya wahunzi wa Afrika, yaliyosimamiwa na mhunzi Mmarekani Tom Joyce, kisha yakaenda Washington na Paris. Vyuma vya mahari kutoka Kongo sasa vinauzwa kwa wakusanyaji wa sanaa na kusimamishwa juu ya vitako vya mbao kana kwamba ni sanamu za kisasa.

Historia imeunganisha Unguja na Kisangani kwa namna ya pekee. Mwaka 1887, miaka minne tu baada ya nguzo za Beit el Ajaib kusimama, Tippu Tip wa Unguja aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls, ambayo ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Misafara yake ilikuwa imeshaleta bunduki na Kiswahili katika maporomoko ya Wagenia ya hapo hapo. Chuma kilichosubiwa Ulaya kilipamba jumba la sultani, chuma kilichofuliwa mtoni kilioa wake wa Kilokele, na chuma cha bunduki kikaja kuvitawala vyote viwili.

Ukiliweka liganda kando ya sanamu ya Tsimba, ukoo unaonekana. Liganda lilichukua umbo la silaha likalinyang'anya kazi ya kuua, likalipa kazi ya kuunganisha familia. Tsimba huchukua mabaki ya silaha akayapa tumbo la uzazi. Kwamba wengi wa watu wake ni wanawake, na wengi wao wajawazito, si pambo. Katika vita vya mashariki mwa Kongo mwili wa mwanamke ulifanywa uwanja wa mapigano. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka huo huo wa 2018, ametumia maisha yake kushona majeraha hayo.

Hesabu ya Kisangani

Ni wangapi walikufa Kisangani katika siku zile sita? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliyokusanya maovu yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003 inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Mjini watu hutaja idadi kubwa zaidi. Kati ya 244 na 760 kuna pengo la watu 516. Kwa ripoti hilo ni pengo la uhakika wa ushahidi. Kwa Kisangani ni mtaa mzima ambao haujulikani kama uhesabiwe au usihesabiwe.

Sheria nayo ilihesabu. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilitoa azimio namba 1304, likazitaka Rwanda na Uganda ziondoke na zilipie hasara za Kisangani. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa Kongo. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006, mahakama iliposema haina mamlaka ya kuisikiliza. Maganda ya pande mbili yalianguka barabara moja, ila upande mmoja tu ndio uliofika mbele ya majaji.

Tarehe 9 Februari 2022 hukumu ya fidia ilitoka: dola milioni 325, zilipwe kwa awamu tano za milioni 65. Milioni 225 ni kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Majaji walikadiria kuwa waliopoteza maisha ambao Uganda inawajibika kwao nchini kote ni kati ya 10,000 na 15,000. Kwa kuwa ushahidi wa mtu mmoja mmoja haukutosha, walitoa jumla kwa mkupuo. Kazi ya kuzigawa fedha ilikabidhiwa mfuko maalumu, FRIVAO, wenye makao yake Kisangani. Tangu hapo mji umekuwa mji wa orodha: nani yumo, nani hayumo, nani ana cheti cha hospitali cha mwaka 2000, nani alizika mtu wake uani bila karatasi yoyote.

Waathirika wenyewe hawakukaa kusubiri kuhesabiwa. Mwaka 2018 baadhi yao, wengine wakitembea kwa magongo na miguu ya bandia, walipanda meli wakashuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai haki yao mbele ya bunge na ofisi za serikali. Dieudo Hamadi, mtengenezaji filamu aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984, alisafiri nao na kamera. Filamu yake, En route pour le milliard, iliteuliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes mwaka 2020. Hamadi na Tsimba wanatumia vyombo tofauti kupinga jambo moja: mtu kugeuzwa tarakimu. Katika filamu hiyo kila aliyekatika mguu ana jina, ana hasira, anapiga kelele, anakosana na wenzake juu ya nani azungumze kwanza. Hakuna anayebaki "mwathirika" wa jumla.

Nyumba ya mapanga

Kazi kama hii haiwapendezi wote. Tsimba aliwahi kujenga nyumba kwa mapanga 999, kuta na paa, nyumba ambayo mtu anaweza kuingia. Panga ni chombo cha shamba katika kila nyumba ya Kongo, na kwa watu wa Maziwa Makuu ni chombo ambacho tangu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 hakitajwi bila mtu kunyamaza kidogo. Katika filamu ya Renaud Barret ya mwaka 2019, Système K, inayowaonyesha wasanii wa mitaani wa Kinshasa, inaonekana jinsi kazi ya namna hiyo inavyoweza kumgombanisha msanii na polisi pindi inapotolewa nje ya karakana. Hofu ya wenye mamlaka inaeleweka: sanamu ya kiongozi huwaambia wapita njia nani wa kusifiwa, ilhali nyumba ya mapanga huwauliza nani aliyeyashika.

Kongo inajua vizuri ubishi wa sanamu. Sanamu ya mvumbuzi Stanley juu ya kilima cha Ngaliema jijini Kinshasa iliangushwa mwaka 1971, mwaka ule ule ambao nchi iliitwa Zaire. Februari 2005 sanamu ya Leopold II ilirudishwa katikati ya Kinshasa, ikaondolewa baada ya saa chache tu. Zote zilikuwa za shaba nyeusi, zilizosubiwa kwa heshima zote, za watu wenye majina makubwa. Wanawake wa Tsimba hawana majina na wengine hawana hata vichwa, na watu hawajawaangusha.

Kwa upande mwingine, ipo lawama inayostahili kusikilizwa: kwamba kuvigeuza vyombo vya mauaji kuwa vitu vizuri vya kuuzwa katika nyumba za sanaa za Ulaya ni kufanya biashara kwa msiba. Jibu liko katika sanamu zenyewe. Angezing'arisha angestahili lawama hiyo. Hazing'arishi. Maganda yanabaki na masizi, na mtazamaji akisogea kutazama uzuri wa umbo hukutana na tundu la kila ganda likimtazama.

Wapi zisimame

Ubelgiji, mtawala wa zamani, imempokea kwa mikono miwili. Sanamu yake Au-delà de l'espoir, "ng'ambo ya matumaini", inasimama tangu mwaka 2007 katika wilaya ya Ixelles jijini Brussels, katika mtaa ambao Wakongo wa huko wameuita Matonge kwa kumbukumbu ya ule wa Kinshasa. Mwaka 2020 makumbusho ya Tervuren, yaliyozaliwa kutokana na maonyesho ya kikoloni ya Leopold II, yalifungua maonyesho yake makubwa kwa jina la Kilingala, Mabele eleki lola, ardhi inaishinda mbingu. Aliyeyasimamia ni mwandishi Mkongo In Koli Jean Bofane. Katika ukumbi wa mviringo wa jumba hilo kuna masanamu ya dhahabu ya zamani yanayodai kwamba Ubelgiji ilileta ustaarabu Kongo, na kwa kuwa sheria inalinda mapambo ya jengo, hayawezi kuondolewa. Kumkaribisha mtu wa maganda ya risasi katika jengo moja na masanamu hayo ni majibizano ambayo hakuna bango lingeweza kuyaandika.

Lakini Tervuren iko mbali na daraja la Tshopo. Kisangani haikosi watu wa sanaa. Faustin Linyekula, mcheza ngoma na mtunzi mzaliwa wa Ubundu, aliihamishia Studios Kabako mjini hapa mwaka 2006, akithibitisha kwamba kazi ya kiwango cha dunia inaweza kufanyika bila kuhamia Kinshasa wala Paris. Haikosi mafundi pia. Wapo wanaosubu masufuria kwa alumini ya mabloku ya injini na pistoni chakavu, wakiyamimina katika kalibu za mchanga, na wapo walehemu wa toleka wenye mkono uliozoea kuunganisha vipande visivyokusudiwa kukutana. Shule ya pili ya Tsimba, ile ya wahunzi, ipo Kisangani kila barabara.

Fedha za fidia zinagawanywa, na ni haki zigawanywe kwa watu kwanza. Aliyekatwa mguu anahitaji mguu kabla ya sanamu. Hata hivyo hesabu ya fedha itafika mwisho wake, awamu ya tano italipwa, mafaili yatafungwa, na wale walio kati ya 244 na 760 watabaki bila mahali. Mji uliojua kufua chuma kirefu kama mtu ili kuheshimu ndoa moja tu unao uwezo wa kuwafanyia watu hao kazi yao wenyewe, kwa mikono ya mafundi wake na kwa maganda yaliyoanguka katika barabara zake. Paris na Brussels zimekwisha kuonyeshwa jinsi inavyofanyika. Kisangani isingoje mtu wa nje aje kuwaunda wafu wake.